Umiliki au Udhibiti? Uhakiki wa Uthibitishaji wa Tovuti katika Mitandao ya Kijamii

Ikisiri

Mitandao mingi ya kijamii humruhusu mtumiaji kuonesha kwamba tovuti aliyoitaja katika wasifu wake ni yake. Hatua hiyo huelezwa kwa kawaida kuwa ni uthibitishaji wa umiliki. Makala haya yanahakiki dai lililomo katika maelezo hayo. Kwa kuangalia namna hatua hiyo inavyotekelezwa na Pinterest, Meta, Mastodon na Bluesky, pamoja na matukio mawili ya mwaka 2020 na 2023, makala yanaonesha kwamba kinachothibitishwa si umiliki, bali ni uwezo wa kuweka alama fulani, mahali fulani, kwa wakati fulani, yaani udhibiti. Hoja kuu ni kwamba njia hii ni bora kuliko alama ya kununuliwa, lakini uzito wake hautoki kwa mtandao wa kijamii. Hutoka kwa msajili wa jina la tovuti. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu istilahi na sera kwa nchi za Afrika Mashariki na jirani zake.

Istilahi muhimu: uthibitishaji, umiliki, udhibiti, kikoa, mitandao ya kijamii

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Goma, Mbarara au Kigoma anayekutana na tangazo la wizara katika simu yake hana mlango wa ofisi wa kubisha wala mhuri wa kukagua. Anachokiona ni jina, picha na, pengine, alama ndogo ya tiki. Kwa alama hiyo huamua kama tangazo la chanjo, la ajira au la tarehe ya kupiga kura limetoka kwa mamlaka inayohusika au kwa tapeli. Kwa sababu hiyo, swali la nini hasa kimethibitishwa na alama hiyo si la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni swali la lugha na la utawala pia.

Twitter ilianzisha akaunti zilizothibitishwa mwaka 2009, baada ya Tony La Russa, meneja wa timu ya besiboli nchini Marekani, kuishtaki kampuni hiyo kwa ajili ya akaunti iliyofunguliwa kwa jina lake. Kwa zaidi ya miaka 10 alama ya buluu ilitolewa na kampuni kwa vigezo ilivyojiwekea yenyewe. Novemba 2022, muda mfupi baada ya Elon Musk kuinunua kampuni hiyo, alama ilianza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Ndani ya siku chache akaunti bandia yenye alama hiyo ilijifanya kuwa kampuni ya dawa ya Eli Lilly na kutangaza kwamba insulini ni bure. Kampuni halisi iliomba radhi kwa waliopotoshwa, na Twitter ikasitisha kwa muda mauzo ya alama. Kilichokuwa ishara ya utambulisho kiligeuka kuwa stakabadhi ya malipo, ilhali sura yake ilibaki ileile machoni pa msomaji.

Tukio hilo liliwafanya watumiaji wengi kuitazama upya njia nyingine, ambayo haihitaji malipo wala hisani ya mtoa alama: kuiunganisha akaunti na tovuti. Mantiki yake ni nyepesi. Ikiwa gazeti lina tovuti inayojulikana, na tovuti hiyo inaikiri akaunti fulani, basi akaunti hiyo ni ya gazeti hilo. Makala haya yanaikubali mantiki hiyo kwa sehemu, kisha yanauliza inaishia wapi.

2.0 Namna uthibitishaji unavyofanyika

Pinterest na Meta hutumia njia tatu zinazofanana. Mtandao humpa mtumiaji msimbo wa kipekee, naye hutakiwa kuuweka katika mojawapo ya sehemu tatu: ndani ya kichwa cha ukurasa wa tovuti, katika faili linalopakiwa kwenye seva, au katika rekodi ya DNS, yaani daftari linaloelekeza jina la tovuti kwenye seva zake. Mtandao ukishauona msimbo mahali hapo, tovuti huhesabiwa kuwa ya mtumiaji huyo. Kwa upande wa Meta, hatua hii inahusiana na biashara moja kwa moja. Mwaka 2017 Facebook iliondoa uwezo wa kila mtu kubadili kichwa na picha ya kiungo anachokisambaza, ili kupunguza upotoshaji wa habari, na wachapishaji wakatakiwa kuonesha kwanza kwamba viungo ni vyao. Baada ya Apple kubana ufuatiliaji wa watumiaji wa simu zake mwaka 2021, uthibitishaji wa kikoa ukawa muhimu pia kwa wanaotangaza bidhaa.

Mastodon, programu huria iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2016, hutumia njia ya kukiriana. Tangu mwaka 2018 mtumiaji huweka anwani ya tovuti katika wasifu wake, na tovuti nayo huweka kiungo kinachorudi kwenye wasifu huo kikiwa na maelezo kwamba hapo ni kwa mtu yuleyule. Viungo viwili vikikutana, anwani huoneshwa kwa rangi ya kijani na alama ya tiki. Hakuna ofisi inayotoa idhini wala ada inayolipwa.

Bluesky ilisogea hatua moja mbele mwaka 2023. Humo jina la kikoa linaweza kuwa ndilo jina la akaunti. Mtumiaji huweka kitambulisho cha akaunti yake katika rekodi ya DNS au katika faili maalumu la tovuti, kisha akaunti huitwa kwa jina la kikoa hicho. Kwa njia hiyo seneta Ron Wyden wa Marekani aliweza kutumia jina lililo chini ya kikoa rasmi cha Seneti, ambalo mtu wa mitaani hawezi kujipatia.

Njia hizi zote zina kiini kimoja. Mkaguzi haulizi mtu ni nani. Huuliza kama mtu huyo anaweza kuandika mahali ambapo, kwa dhana, wageni hawawezi kuandika.

3.0 Neno "umiliki" na linachokificha

Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kutenganisha mambo ambayo lugha ya mitandao huyachanganya. Kumiliki ni kuwa na haki juu ya kitu. Kudhibiti ni kuwa na uwezo wa kukiendesha. Kuwakilisha ni kusema kwa niaba ya mwingine kwa idhini yake. Kusema kweli ni jambo la nne, lisilotokana na yale matatu ya kwanza. Fundi aliyeajiriwa kutengeneza tovuti ya shule huidhibiti bila kuimiliki. Mkuu wa shule huiwakilisha, ingawa huenda hajui nywila yake. Mdukuzi aliyeiba nywila huidhibiti bila kuimiliki wala kuiwakilisha. Wote watatu, wakijaribu, watafaulu mtihani wa kuweka msimbo. Mkuu wa shule ndiye pekee atakayehitaji msaada.

Hata aliyesajili jina la tovuti kihalali si mmiliki kwa maana ya kawaida. Kikoa husajiliwa kwa kipindi maalumu na kuhuishwa kwa ada. Ada isipolipwa, jina hurudi sokoni na mwingine huweza kulichukua. Sera ya ICANN ya mwaka 1999 ya kutatua migogoro ya majina ya vikoa humwita mhusika mshikiliaji wa jina au msajiliwa. Kwa hiyo neno "umiliki" limepotoka mara mbili: halielezi uhusiano wa mtu na kikoa, wala halielezi kilichokaguliwa.

Hapa linaweza kutolewa pingamizi la haki. Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, kama Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyoeleza, lakini wananchi husema bila kusita kwamba fulani anamiliki kiwanja. Kwa nini basi neno hilo lizuiwe kwenye tovuti? Jibu ni kwamba nyuma ya neno "miliki" katika ardhi kuna msajili, hati, mipaka iliyopimwa na mahakama ya kusikiliza mgogoro. Nyuma ya "umiliki" unaotangazwa na mtandao wa kijamii kuna mstari wa msimbo uliosomwa na mashine. Neno moja linabeba taasisi nzima upande mmoja, na upande wa pili halibebi chochote, lakini msomaji hulisikia kwa uzito uleule.

Kitenzi "kuthibitisha" nacho kinastahili kuangaliwa. Kinatokana na "thabiti", yaani kitu kilicho imara, kisichoyumba. Ukaguzi wa tovuti, kinyume chake, ni wa papo hapo. Maelezo ya Mastodon yanayotokea chini ya alama ya kijani yana uaminifu zaidi katika hili: husema kwamba umiliki wa kiungo ulikaguliwa, na hutaja tarehe. Kitenzi ni sahihi na tarehe ni sahihi. Kilichobaki na kasoro ni nomino.

4.0 Matukio mawili

Tofauti kati ya umiliki na udhibiti ingeweza kuonekana kuwa ya wanaisimu tu, kama matukio halisi yasingeiweka wazi.

Tukio la kwanza ni la mwaka 2023, Bluesky ilipokuwa bado changa. Mfumo wake wa wakati huo ulikagua kikoa kwa kutembelea anwani maalumu ndani yake na kusoma jibu. Mtumiaji mmoja aligundua kwamba huduma ya hifadhi ya Amazon huwaruhusu wateja kuzipa hifadhi zao majina wayatakayo, na kwamba jina la hifadhi huwa sehemu ya anwani. Alifungua hifadhi kwa jina ambalo Bluesky ilikuwa ikilitafuta, akaweka jibu lililotarajiwa, na akaunti yake ikapewa jina la kikoa cha huduma nzima ya hifadhi ya Amazon. Hakuiba nywila wala hakuvunja kufuli. Alikodi chumba kimoja katika jengo la watu, na bawabu akamwandika kuwa mwenye jengo. Baadaye Bluesky ilihamishia ukaguzi kwenye sehemu ya tovuti ambayo kwa desturi huachiwa msimamizi wake.

Tukio la pili linaigusa moja kwa moja nchi yenye wasemaji wengi wa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 2020 jina la mojawapo ya seva zilizokuwa zikielekeza vikoa vyote vya .cd, yaani vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, liliachwa bila kuhuishwa hadi likawa huru kusajiliwa na mtu yeyote. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama wa kampuni ya Detectify ya Sweden, alilisajili ili lisiangukie mikononi mwa wahalifu, kisha akawaarifu wahusika. Kwa maelezo yake, takribani nusu ya maulizo ya vikoa vya nchi nzima yangeweza kupita katika seva ambayo mwenye jina hilo angeiweka. Mapema mwaka 2021 maelekezo ya .cd yalibadilishwa na hatari ikaondoka.

Lau jina hilo lingechukuliwa na mtu mwenye nia mbaya, angeweza kujibu maulizo ya DNS kwa niaba ya benki, gazeti au wizara yoyote iliyotumia .cd, na kwa jibu hilo akafaulu ukaguzi wa mtandao wa kijamii. Mtandao usingedanganywa kwa maana ya kiufundi, kwa kuwa ungeukuta msimbo pale ulipotakiwa kuwa. Msomaji wa Bukavu au Lubumbashi ndiye angedanganywa, kwa neno "umiliki".

5.0 Uzito wa alama unatoka wapi?

Haitakuwa haki kuhitimisha kwamba njia hii haina thamani. Ikilinganishwa na alama ya kununuliwa ina sifa tatu. Kwanza, haimlazimishi mtu kupeleka kitambulisho chake cha taifa kwa kampuni iliyo ng'ambo. Hilo si jambo dogo katika ukanda ambao Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Pili, kila mtu anaweza kuikagua mwenyewe kwa kufungua tovuti. Tatu, haikabidhi kampuni moja mamlaka ya kuamua nani ni halisi.

Hata hivyo, uzito wa kiungo hutegemea kilicho upande wa pili wake. Kikoa cha kawaida cha .com hupatikana na yeyote mwenye kadi ya benki. Akaunti iliyounganishwa nacho imethibitisha tu kwamba mwenye akaunti na mwendeshaji wa tovuti wanasikilizana. Tapeli anaweza kusajili jina linalofanana na la benki kwa tofauti ya herufi moja, akalijengea tovuti na kuliunganisha na akaunti. Ukaguzi utafaulu, kwa sababu tovuti ya kitapeli ni yake kweli. Hali ni tofauti kwa vikoa vya go.tz, go.ke, go.ug na gov.rw, ambavyo vimetengwa kwa taasisi za serikali. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Serikali Mtandao huhusika na usajili wa go.tz. Katika vikoa hivyo, kazi ya kumtambua mwombaji imekwisha kufanywa na msajili kabla mtandao wa kijamii haujauliza chochote. Ndiyo sababu akaunti iliyofungwa kwenye go.tz husema jambo ambalo akaunti iliyofungwa kwenye .com haiwezi kulisema, ingawa tiki zao zinafanana.

Huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii jinsi inavyowasilishwa sasa. Tiki moja hutumika kwa madai yenye uzito tofauti kabisa. Bluesky yenyewe ilionesha kutambua upungufu wa kutegemea vikoa peke yake ilipoongeza alama ya buluu Aprili 2025 na kuviruhusu baadhi ya vyombo, likiwemo gazeti la The New York Times, kuwathibitisha watu wao.

Kwamba wasomaji huzidisha maana ya alama kunajulikana tangu zamani. Alama ya kufuli katika vivinjari ilimaanisha tu kwamba mawasiliano na tovuti yamefumbwa. Google ilieleza kwamba katika utafiti wake wa mwaka 2021 ni asilimia 11 tu ya walioshiriki walioielewa maana hiyo barabara, na mwaka 2023 iliiondoa alama hiyo katika kivinjari cha Chrome na kuweka nyingine isiyoashiria uaminifu. Wataalamu wa vyeti vya usalama nao hutofautisha kwa majina cheti kinachothibitisha udhibiti wa kikoa tu na kile kinachothibitisha shirika kwa nyaraka. Mitandao ya kijamii imechukua mbinu ya wataalamu hao, lakini imeziacha tahadhari zao.

6.0 Mapendekezo kwa sera za ukanda

Pendekezo la kwanza ni la istilahi. Mabaraza ya Kiswahili na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yana nafasi ya kusanifisha msamiati wa eneo hili kabla tafsiri za kampuni hazijazoeleka. "Uthibitishaji wa umiliki wa tovuti" uachwe, na mahali pake pawekwe "ukaguzi wa udhibiti wa kikoa". Neno "uthibitisho" libakizwe kwa hatua ambayo mtu au taasisi imetambuliwa kwa nyaraka. Uamuzi huu hauhitaji bajeti kubwa, na faida yake ni kwamba mwananchi ataisikia tofauti kabla ya kulazimika kuielewa teknolojia.

Pendekezo la pili ni la taasisi za umma. Kila wizara, tume ya uchaguzi, hospitali ya rufaa na chuo kikuu iwe na ukurasa mmoja, ndani ya kikoa kilichotengwa, unaoorodhesha akaunti zake zote rasmi katika kila mtandao, pamoja na akaunti zilizofungwa. Ukurasa huo ndio uwe chanzo. Tiki iwe nakala yake tu. Taasisi inayotumia .com au anwani ya barua pepe ya bure wakati nchi yake ina kikoa cha serikali hujivua yenyewe kinga iliyo bora kuliko alama yoyote ya kununuliwa.

Pendekezo la tatu ni la usalama wa misingi. Tukio la .cd linafundisha kwamba uhalisi wa akaunti za nchi nzima unaweza kutegemea ada ya jina moja lililosahauliwa. Uhuishaji wa majina ya seva za kitaifa uwekwe chini ya usimamizi unaoeleweka, wenye zaidi ya mtu mmoja anayepokea taarifa za kuisha kwa muda.

Pendekezo la nne linahusu wachapishaji wadogo. Magazeti ya jamii na waandishi wengi wa Kiswahili hawana kikoa chao. Huchapisha katika majukwaa ya bure au ndani ya mitandao ya kijamii yenyewe. Ikiwa serikali au watangazaji wataanza kuichukulia tiki ya tovuti kuwa sharti la kuaminiwa, waandishi hao watahesabiwa kuwa si halisi kwa sababu ya kukosa ada ya mwaka. Wasajili wa kitaifa waangalie uwezekano wa bei nafuu kwao, na watunga sera waepuke kuigeuza alama ya hiari kuwa leseni.

Pendekezo la mwisho linaelekezwa kwa mitandao. Kila alama ioneshe tarehe ya ukaguzi, ukaguzi urudiwe kwa vipindi, na alama ya kikoa kilichotengwa itofautiane kwa sura na ile ya kikoa cha kawaida.

7.0 Hitimisho

Kuiunganisha akaunti na tovuti ni mbinu nzuri iliyopewa jina baya. Huonesha kwamba aliyeandika hapa aliweza pia kuandika pale, siku ile. Kwa gazeti lenye tovuti inayojulikana, au kwa wizara iliyo chini ya kikoa cha serikali, hilo latosha kumwondolea msomaji shaka kubwa. Kwa wengine latosha kidogo tu. Tofauti hiyo inaweza kusemwa kwa Kiswahili chepesi, kwa maneno ambayo mzungumzaji amekuwa nayo kabla ya intaneti: anayeshika ufunguo ni mmoja, mwenye nyumba ni mwingine, na aliyetumwa kusema kwa niaba yao ni wa tatu. Msomaji wa Goma anastahili kuambiwa ni yupi kati ya hao aliyekaguliwa.